Miguu Minane na Megabaiti Kumi na Sita

Mguu wa nne ndio uliogoma. Mingine saba ilikuwa imekwisha kuachia, risasi yake ya kulehemu iking'aa kama maji chini ya taa, lakini ule wa nne ulikuwa bado umeing'ang'ania bodi, na kibano changu kilikuwa tayari kimeishika chipu ubavuni kikitaka kuivuta. Mzee aliyekuwa ameketi kando yangu, fundi ambaye alikuwa akitengeneza redio hapa Arusha kabla mimi sijazaliwa, akanishika kifundo cha mkono.

"Usivute, mwanangu. Huo ni mguu wa graundi. Umeshikamana na shaba ya bodi nzima, kila moto unaoupa unagawiwa. Ngoja nao ushibe."

Nilikuwa nimekwenda kwake nikiamini kwamba kuondoa chipu ndogo ya kumbukumbu kwenye kompyuta mpakato na kuweka kubwa mahali pake ni kazi ya mkono, na kwamba nikishafaulu kulehemu, mengine yatajipa yenyewe. Kazi ya mkono ilichukua dakika arobaini. Iliyobaki, ambayo ilikuwa ya hesabu na ramani, ilinila majuma matatu, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa kirefu, kwa sababu kila ninayemsikia akizungumzia kazi hii huzungumzia bloa ya hewa moto na flaksi, ile dawa ya kusaidia risasi kuyeyuka vizuri, tu.

Mashine yenyewe ni Lenovo ThinkPad X200, modeli ya mwaka 2008, niliyoinunua mtumba karibu na Soko la Kilombero kwa bei ambayo muuzaji aliondoka akidhani amenipiga na mimi nikaondoka nikidhani nimempiga. Ni mashine ya kizamani yenye kichakataji cha Core 2 Duo, lakini ina sifa moja ambayo mashine nyingi mpya zimeikosa: ile programu ya awali inayoiamsha, ambayo wengi tunaiita BIOS, inaweza kufutwa yote na nafasi yake ikachukuliwa na coreboot, programu huria ya kazi hiyohiyo, au na Libreboot iliyojengwa juu ya coreboot, bila kubakiza hata kipande cha Management Engine ya Intel, ile programu ya siri inayojiendesha yenyewe ndani ya bodi. Programu hiyo hukaa ndani ya chipu moja ya fleshi iliyojificha chini ya sehemu ya kuwekea viganja. Baadhi ya X200 zina chipu ya miguu kumi na sita yenye megabaiti 8. Yangu ilikuwa ya miguu minane, megabaiti 4.

Megabaiti 4 zinatosha kuiwasha mashine, tena kwa nafasi ya kubaki. Hazikunitosha mimi kwa sababu nilitaka mfumo mdogo wa Linux ukae ndani ya chipu yenyewe. Diski ilikuwa imenifia mara mbili nikiwa mbali na nyumbani, mara moja Karatu na mara nyingine Babati, na mara zote mbili nilikuwa na mashine nzima mkononi, yenye kioo kizima, kibodi nzima na betri nzima, ambayo haikuweza kufanya lolote isipokuwa kuniambia kwamba haioni diski. Kiini (kernel) cha Linux nilichokipunguza kilikuwa kimezidi kidogo megabaiti 4, na zana za uokoaji zilizofungashwa pamoja nacho zilikuwa karibu megabaiti 3. Hata ungebana vipi, hayo hayaingii kwenye chipu ya 4.

Wazo la kuweka chipu kubwa ili Linux iingie ndani si jipya, na kwa kweli lina umri sawa na mradi wenyewe. Ron Minnich alipouanzisha katika maabara ya Los Alamos huko Marekani mwaka 1999, akiuita LinuxBIOS, nia ilikuwa kompyuta nyingi zilizounganishwa pamoja ziamke haraka zikiwa na kiini cha Linux moja kwa moja kutoka kwenye chipu ya bodi. Tatizo lilikuwa kwamba chipu za BIOS za wakati ule zilikuwa ndogo mno kukibeba kiini, kwa hiyo kwenye baadhi ya bodi walichomoa chipu ya kiwandani na kuchomeka mahali pake DiskOnChip Millennium yenye megabaiti 8. Jina la coreboot lilikuja mwaka 2008, wakati ambapo wengi walikuwa wamekwisha kuacha kuweka kiini chenyewe na badala yake wakaweka programu ndogo ya kukipakia kutoka kwenye diski. Mimi nilikuwa narudi nyuma kwenye wazo la kwanza.

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu kuna jambo la majina ambalo limewapotezea watu fedha. Chipu hizi huuzwa kwa biti, si kwa baiti. W25Q32 ni megabiti 32, ambazo ukizigawa kwa nane unapata megabaiti 4. W25Q64 ni megabaiti 8. W25Q128 ni megabaiti 16. Anayeagiza "ya 16" akiletewa chipu ya megabiti 16 atapata megabaiti 2, na hana wa kumlaumu. Chipu yenyewe hujitambulisha kwa uaminifu zaidi kuliko maandishi ya mgongoni. Ukiipelekea amri 9F inakujibu kwa baiti tatu, ya kwanza ikimtaja mtengenezaji, ya pili aina, na ya tatu ukubwa. Ya W25Q128 ni EF, 40 na 18. Hiyo 18 imeandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, kwa hiyo ni ishirini na nne, na mbili ikizidishwa yenyewe mara ishirini na nne ni baiti 16,777,216. Chipu yangu ya zamani ilijibu ikiishia na 16, yaani ishirini na mbili, yaani megabaiti 4.

Namba ishirini na nne ina maana nyingine pia. Amri za kawaida za kusoma chipu hizi hubeba anwani ya baiti tatu, ambazo ni biti ishirini na nne, na hivyo megabaiti 16 ndio mwisho wa kamba. Chipu ya megabaiti 32 ipo na inauzwa, lakini inahitaji anwani ya baiti nne ambayo bodi ya mwaka 2008 haiijui. Kwa hiyo akiuliza mtu kwa nini sikuweka kubwa zaidi, jibu ni hilo.

Chipu sikuinunua mpya. Bodi za kompyuta za mezani za miaka ya karibuni, hasa zile zilizotengenezwa kwa wapenda michezo, mara nyingi huwa na chipu ya megabaiti 16, na bodi iliyokufa kwa sababu ya umeme kupanda na kushuka haikosekani mjini hapa. Nilipewa moja bure. Jambo la kukagua hapo ni herufi. W25Q128FV na W25Q128JV hutumia volti 3.3 kama X200, ilhali W25Q128FW na W25Q128JW hutumia volti 1.8, na ukiiweka hiyo ya pili kwenye bodi ya 3.3 umeiua. Herufi moja, iliyochongwa kwa leza kwenye plastiki nyeusi, isomwe chini ya taa kwa lenzi. Mwili nao una vipimo viwili, wa upana wa milimita 3.9 na wa milimita 5.3, nao hautakaa vizuri kwenye padi (vipande vya shaba vya kulehemia miguu) zisizo zake.

Baadhi ya chipu za mtumba, na hata zinazouzwa kama mpya, zimefutwa jina na kuandikwa lingine. Kipimo changu ni kuijaza chipu data ya kubahatisha kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho, kisha kuisoma yote na kulinganisha. Chipu ndogo inayojifanya kubwa huzipuuza biti za juu za anwani, kwa hiyo inachoandikiwa robo ya pili kinaanguka juu ya robo ya kwanza, na ukisoma unakuta ukurasa uleule ukijirudia. Yangu ilipita.

Kisha nakala ya chipu ya zamani, kabla haijaguswa na moto. Hapa sikubali mjadala. Niliondoa betri, nikachomoa chaja, nikabana klipu ya miguu minane juu ya chipu na kuiunga na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ambayo nyaya zake za data ni volti 3.3 kwa asili. Ile programa (kifaa cha kusomea na kuandikia chipu) nyeusi ya bei rahisi iitwayo CH341A wengi wanayo, nami ninayo, lakini toleo lile la kawaida huilisha chipu volti 3.3 huku nyaya za data zikitoa volti 5, na mimi siwezi kulala usingizi nikijua hivyo. Nilisoma kwa programu ya flashrom mara tatu. Nakala ya kwanza na ya pili hazikufanana. Klipu ilikuwa imekaa upande, na isitoshe ukiilisha chipu ikiwa bado kwenye bodi unakuwa unalisha na wenzake waliounganishwa nayo, kwa hiyo volti hushuka. Nilisafisha miguu kwa spiriti, nikapunguza kasi hadi kilohezi 512, nikasoma tena mara tatu, na safari hii zote tatu zilikuwa sawa baiti kwa baiti. Nikaziweka sehemu mbili tofauti.

Sasa turudi kwa mzee. Chumba chake ni kidogo, kina dirisha moja linalotazama Mlima Meru siku ambazo mawingu yameruhusu, na siku ile ya Julai hayakuruhusu. Alipoiona bodi yangu hakuuliza habari za coreboot. Aliuliza risasi ya kiwandani ni ya aina gani, na kabla sijajibu akaongeza risasi yake mwenyewe kwenye kila mguu, ile ya zamani yenye madini ya risasi ndani, akisema kwamba ya siku hizi ni kaidi. Ana haki. Risasi ya kiwandani isiyo na madini hayo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, na ile ya zamani ya mchanganyiko wa bati na risasi huyeyuka kwenye 183, kwa hiyo ukizichanganya unapata kitu kinacholegea mapema na kubaki majimaji kwa muda mrefu zaidi. Akafunika plastiki za jirani kwa utepe wa kahawia usioungua, akapaka flaksi, akanipa bloa.

"Zungusha. Usisimame mahali pamoja kama mtu anayeota moto."

Nilizungusha. Mguu wa kwanza, wa pili, wa nane, wa saba, kila mmoja ukapata mng'aro wake. Wa nne hapana. Ukivuta wakati huo chipu haitoki peke yake; inatoka na padi za miguu uliyodhani imeachia, maana risasi yake ina tabia ya kuganda tena sekunde uliyogeuza macho, na padi ya bodi ni kijikaratasi cha shaba kilichogundishwa kwa gundi ambayo imekwisha kulainika kwa joto. Tulingoja, nadhani sekunde kumi, ambazo kwangu zilikuwa ndefu kama foleni ya Barabara ya Sokoine saa kumi na moja jioni. Kisha chipu ikaelea. Siwezi kulisema kwa neno jingine: ilisogea yenyewe juu ya majimaji, na kibano kikainyanyua bila nguvu yoyote. Padi zote nane zilibaki. Kuweka ile kubwa kulikuwa rahisi, nukta ya mguu wa kwanza ikielekea ilikoelekea ya zamani, pembe mbili zikilehemiwa kwanza ili isihame, kisha miguu iliyosalia.

Nikiwa nimejaa furaha nilirudi nyumbani Sakina na kuandika kwenye chipu mpya ile femwea, yaani programu ya kuamsha mashine, ya megabaiti 4 iliyokuwa ikifanya kazi. Mashine ikawaka mara moja. Nilipoiuliza flashrom ndani ya mashine yenyewe, iliitambua chipu kuwa ya megabaiti 16, lakini ilionyesha kwamba eneo la BIOS linaanzia 0x3000 na kuishia 0x3FFFFF (0x ni alama ya hesabu ya msingi wa kumi na sita), yaani mwisho wa megabaiti ya nne. Megabaiti 12 nilizozitolea jasho zilikuwa zimelala tu, kama vyumba vya nyumba ambayo hati yake inataja sebule peke yake.

Hati yenyewe ipo, na hapo ndipo kazi inapoanza. Kwenye bodi za Intel za kizazi hiki, kilobaiti 4 za mwanzo wa chipu ni ramani, ambayo wataalamu huiita deskripta. Inatambulika kwa alama ya baiti nne, 5A A5 F0 0F, iliyowekwa mwanzoni kabisa. Ndani yake kuna biti tatu zinazotaja ukubwa wa chipu: 011 ni megabaiti 4, 100 ni 8, na 101 ni 16. Kuna pia mipaka ya kila eneo, inayohesabiwa kwa vipande vya kilobaiti 4. Kwenye X200 iliyoondolewa Management Engine mpangilio ni mfupi: kipande cha kwanza ni ramani, viwili vinavyofuata ni vya kadi ya mtandao wa waya, na kuanzia kipande cha 0x003 hadi mwisho ni BIOS. Mwisho huo kwenye chipu ya megabaiti 4 ni 0x3FF, na kwenye ya 16 ni 0xFFF. Bodi haiipimi chipu. Inaamini ramani.

Basi nikabadilisha ramani. Biti tatu nikazifanya 101, mpaka wa BIOS nikausogeza hadi 0xFFF, kisha nikaijaza faili yangu ya zamani kwa megabaiti 12 za FF, yaani nafasi tupu, mkiani ili itoshe chipu yote. Ilionekana ni jambo la akili. Nikaandika, nikarudisha betri, nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nikangoja dakika nzima, nikarudia. Siku nne nilizipoteza nikikagua miguu ya chipu kwa mita na kwa lenzi, nikishuku lehemu, nikishuku padi, nikimshuku hata mzee wa watu.

Lehemu haikuwa na kosa. Kichakataji cha Intel kinapowashwa, agizo lake la kwanza hulitafuta kwenye anwani 0xFFFFFFF0, baiti kumi na sita chini ya kilele cha gigabaiti 4, na bodi huipanga fleshi ili mwisho wa eneo la BIOS uangukie kwenye kilele hicho. Femwea hupangwa ikining'inia kutoka juu: mlango wa kuingilia uko mwisho kabisa wa faili, si mwanzo. Mimi nilikuwa nimeujenga ukuta wa megabaiti 12 za FF nje ya mlango. Kichakataji kilifika mlangoni, kikasoma FF, FF, FF, na hakikuwa na la kufanya. Ile femwea ya kwanza, iliyokuwa na ramani ya zamani, iliwaka kwa sababu ramani yake ilisema mwisho uko kwenye megabaiti ya nne, na kweli mlango ulikuwa hapo. Nafasi mpya huongezwa kati ya sehemu ya kadi ya mtandao na femwea, yaani chini, na njia safi kuliko zote ni kuijenga coreboot upya ukiiambia tangu mwanzo kwamba chipu ni ya kilobaiti 16,384, ili ijipange yenyewe kutoka juu kwenda chini.

Nilifanya hivyo. Kabla ya kuandika nilikumbuka pia zile kilobaiti 8 za kadi ya mtandao, ambazo zina anwani ya MAC, namba ya utambulisho wa kadi hiyo, katika baiti sita za mwanzo. Anayetumia faili lililotayarishwa na wengine bila kubadilisha sehemu hiyo atakuwa na anwani ileile aliyonayo kila mtu aliyelipakua, na mashine mbili za namna hiyo kwenye mtandao mmoja hupigana kama majogoo. Anwani halali imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya mashine. Ukiibadilisha, jumla ya maneno ya mwanzo ya sehemu hiyo lazima irudi kuwa 0xBABA, namba ambayo Mswahili haisahau.

Kioo kiliwaka saa tano usiku, siku ya ishirini na moja. Diski nilikuwa nimeitoa makusudi. Menyu ya GRUB, programu ya kupakia mifumo, ikatokea, nikachagua mstari wa uokoaji, kiini kikapakiwa kutoka ndani ya chipu, na baada ya muda mfupi nikawa na mstari wa amri kwenye mashine isiyo na diski, ikisoma fleshi ya USB na kupata anwani kutoka kwenye ruta.

Nilimpelekea mzee aione. Aliitazama, akaigeuza, akapachungulia mahali pa diski palipokuwa patupu, akatikisa kichwa. Kisha akauliza ile chipu ndogo niliipeleka wapi. Nilikuwa nimeiweka ndani ya kiberiti, mfukoni. Akavuta kisimbuzi cha mteja kilichokuwa rafuni chini ya vumbi, akakifungua, akanionyesha chipu ya miguu minane ambayo haikujibu kitu, na pembeni yake kisimbuzi kingine cha aina hiyohiyo kilichokuwa kizima.

"Ya kwako inaingia hapa?"

Nikaisoma ile ya kisimbuzi kizima kwa klipu. Baiti ya tatu ilikuwa 16. Megabaiti 4, volti 3.3.

"Inaingia, mzee. Ila nisome hii nzima mara tatu kwanza."

"Soma," alisema, akiwasha bloa. "Miguu niachie mimi."